Karani Asiyejua Kiswahili

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tumzungumzie karani mmoja wa Serikali. Karani huyu alianza kazi Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Hakuomba likizo wala posho ya safari, na malaria haikumpata, lakini alidai chumba chenye ubaridi na umeme usiokatikakatika. Jina lake lilikuwa ICT 1500. Hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza kufungwa nchini Tanzania. Kibao chake kilisema Uingereza, maana ICT ilikuwa kampuni ya Waingereza, lakini ukimvua joho ulimkuta Mmarekani: ilikuwa mashine ya RCA 301 iliyouzwa kwa jina jingine.

Miaka miwili baadaye, 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Mzee Rashidi Kawawa, alitoa agizo kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Waliokuwa maofisini siku zile wanakumbuka jinsi mabwana wakubwa walivyohangaika kutafuta Kiswahili cha barua walizokuwa wakiziandika kwa Kiingereza bila hata kufikiri. Kila mtu alitii kwa kadiri ya uwezo wake, kuanzia tarishi hadi katibu mkuu. Ila yule karani wa Hazina aliendelea na Kiingereza chake, na wala hakuna aliyemwandikia barua ya kujieleza.

Bila shaka utaniambia, ndugu msikilizaji, kwamba mashine ni mashine. Imeumbwa Ulaya kwa lugha ya Ulaya, na kuidai Kiswahili ni sawa na kuidai trekta ya Massey Ferguson icheze bugobogobo. Hivyo ndivyo wengi walivyoamini, na wengi wanaamini hivyo mpaka leo. Historia yenyewe ya mashine hizo inasema jambo jingine.

Swali hili sikulipata Dar es Salaam. Nililipata Maswa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wilaya ile ingali ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kabla ya kuzaliwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Ulikuwa msimu wa pamba. Nilikuwa nimeketi nje ya ghala la chama kimoja cha msingi, ambacho jina lake nitaliacha, nikisubiri gari la kwenda Malampaka kuwahi treni. Mzee mmoja akanijia na karatasi ndefu, ile yenye matundu pembeni, iliyochapwa na kompyuta huko makao makuu. Tukasalimiana, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unatoka mjini, nisomee."

Karatasi ilikuwa na orodha ya wakulima, namba zao, kilo zao na shilingi zao. Kwenye namba ya mzee hapakuwa na shilingi. Palikuwa na maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba kumbukumbu yake imekataliwa, tazama orodha ya makosa. Orodha hiyo ya makosa haikuletwa Maswa. Katibu wa chama, kijana mwenye adabu, alikuwa amekwisha kumtafsiria: "Baba, imekataliwa." Na mzee alielewa kama mkulima yeyote wa pamba anavyoelewa. Pamba ina madaraja mawili, safi na fifi. Ikisemwa imekataliwa, maana yake mtu ameitia mkono, ameitazama, na ameiona haifai. "Nani kaikataa?" akaniuliza. "Niliichambua mimi na wajukuu. Ilikuwa safi tupu. Nani kaiona fifi?"

Hakuna aliyekuwa ameiona pamba yake. Baadaye nilielezwa sababu yenyewe: mtu aliyeingiza hesabu aliacha nafasi tupu mahali palipotakiwa tarakimu za kilo. Kosa la kidole. Mashine ilikuta nafasi tupu ikashindwa kuijumlisha, ikaweka jina la mzee kando na kutoa maneno iliyofundishwa kutoa. Ingeweza kufundishwa kusema, "Kilo za mkulima huyu hazikuandikwa, ziandikwe upya." Maneno hayo yangempeleka mzee kwa karani wa mizani. Yale ya Kiingereza, kwa tafsiri ya katibu, yalimpeleka nyumbani akiwa mtu aliyeaibishwa mbele ya wajukuu.

Nimetaja mizani, na hapo hatuna budi kurudi nyuma kidogo, maana Usukumani neno hilo lina historia yake. Ushirika wa pamba kule haukuanzia kwenye siasa. Ulianzia kwenye jiwe la mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kilo, na mkulima hakuwa na njia ya kujua, kwa kuwa mizani ilisomwa na mnunuzi peke yake. Wakulima wakaunda vikundi vyao, wakachanga, wakaweka watu wao wenyewe pale vituoni wasome mizani upande wa pili. Katika harakati hizo akainuka kijana Paul Bomani wa Mwanza, na mwaka 1955 vyama vile vikaungana kuwa shirikisho kubwa la ushirika la Victoria, mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kufikia uhuru, pamba ya Usukumani karibu yote ilipitia mikononi mwa vyama vya wakulima wenyewe.

Sasa tazama historia inavyopenda mzaha. Bomani huyo alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi yetu tangu 1962 hadi 1965, akampisha Amir Jamal. Na 1965 ndio mwaka kompyuta ya kwanza ilipofungwa katika wizara ileile. Mtu aliyejenga jina kwa kudai mizani isomwe na macho mawili alitoka Hazina mwaka uleule ulioingia mzani mpya, usioweza kusomwa na macho ya mkulima hata kidogo. Simlaumu Bomani wala Jamal. Siku zile hakuna waziri popote Afrika aliyekuwa akifikiri hivyo. Lakini mimi, nikiwa na karatasi ya yule mzee mkononi, sikuweza kuacha kufikiri.

Turudi basi kwenye swali. Je, karani yule angeweza kufundishwa Kiswahili?

Mtu anapofanya kazi na kompyuta kuna maneno ya namna mbili. Kuna amri, yaani maneno ambayo mtu anaiambia mashine: futa, nakili, orodhesha, jumlisha. Na kuna majibu, yaani ujumbe ambao mashine inamrudishia mtu: nimemaliza, sikuona, hapa pana kosa. Ndani kabisa, mashine haijui amri hizo wala majibu hayo kwa lugha yoyote. Inajua namba. Neno la Kiingereza linalosimama juu ya namba ni kibao tu cha mlangoni, na kibao hubandikwa na kubanduliwa.

Kila aliyepita shule ya msingi, JKT au mgambo anaujua mfano wake. Askari wa kikoloni wa King's African Rifles walifundishwa gwaride kwa maneno ya Kiingereza. Leo Tanzania nzima, hata watoto wa darasa la pili, wanaitikia "mguu pande, mguu sawa" na "nyuma geuka". Miguu ni ileile, na mshindo wa buti ni uleule. Kilichobadilika ni neno, na hakuna askari aliyeanguka kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa kompyuta, mtu aliyewaonyesha wakubwa jambo hili mapema kwa ushahidi alikuwa mwanamke, Grace Hopper, mwanahisabati na ofisa wa jeshi la majini la Marekani. Katikati ya miaka ya 1950 yeye na wenzake huko Philadelphia walikuwa wakitengeneza lugha ya kuandikia programu kwa maneno ya kawaida badala ya alama za kihisabati. Wakaandaa onyesho kwa wakuu wa kampuni. Programu ikaandikwa kwa Kiingereza, ikakubali. Kisha wakabadilisha maneno tu, wakaandika programu ileile kwa Kifaransa, halafu kwa Kijerumani, nazo zikakubali. Kwao lilikuwa jambo dogo, kubadilisha orodha moja ya maneno kwa nyingine. Wakuu wakashtuka. Iliwezekanaje mashine ya Kimarekani, iliyoundwa Pennsylvania, ikaelewa Kifaransa? Hopper alisimulia baadaye jinsi walivyolazimika kuwatuliza wakuu hao na kuwaahidi kwamba wataishia kwenye Kiingereza. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana COBOL, lugha ya programu za mishahara na hesabu iliyotungwa kuanzia 1959 na kuenea dunia nzima, kwa Kiingereza.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, Kiingereza cha kompyuta hakikuletwa na waya wala valvu. Kiliamuliwa kikaoni.

Wengine waliamua vingine. Warusi walitumia lugha ya ALGOL kwa maneno ya Kirusi. Wafaransa, katika miaka ya 1970, waliwafundisha wanafunzi wa sekondari kuandika programu kwa lugha iitwayo LSE ambayo amri zake zote ni za Kifaransa. Na yupo Mkanada, Kenneth Iverson, aliyekwepa ugomvi wote kwa kutunga lugha ya alama tupu, APL, ambamo mtu wa Moscow na mtu wa Toronto huandika hesabu ileile kwa alama zilezile. Lakini hata APL haikuokoka kabisa. Ukikosea, ilikujibu kwa Kiingereza. Na amri za kufungua na kufunga kazi zilikuwa za Kiingereza. Kampuni ya IBM ilipotoa APL2 katika miaka ya 1980, iliweka mahali maalumu pa kuchagua lugha ya taifa, ili amri hizo na majibu hayo yatoke kwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakikuwamo. Hakikuombwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mfumo mwingine wa IBM uitwao CMS, uliotumika kwenye zile kompyuta kubwa zenye kujaza chumba kuanzia mwaka 1972 ndani ya VM/370. Humo kulikuwa na amri iitwayo SYNONYM. Mtumiaji wa kawaida, bila kumwomba fundi ruhusa, aliandika faili dogo lenye mistari mitatu mitatu hivi. Tuseme tunaliita MASWA:

ERASE FUTA 3
LISTFILE ORODHA 3
COPYFILE NAKILI 3

Neno la kwanza ni la mashine, la pili ni la kwako, na ile namba inaeleza herufi chache kabisa zinazotosha kueleweka. Ukiamuru SYNONYM MASWA, tangu hapo ukiandika FUTA, faili linafutika. Ukiwa mvivu ukaandika FUT, linafutika vilevile. Neno la Kiingereza nalo halikupotea, na kazi iliyoandikwa Maswa haikukwama London. Hata wapinzani wa IBM, Waingereza wa ICL, ambao mashine zao za familia ya 1900 zilikuja kutumika Hazina yetu baada ya ile ya kwanza, walikuwa na mfumo ulioitwa GEORGE 3, na mfumo huo ulimruhusu mtumiaji kukusanya amri kadhaa chini ya jina alilolichagua mwenyewe. Jina hilo lingeweza kuwa la Kiswahili.

Hata hivyo, sioni kwamba amri ndizo zilizokuwa jambo kubwa. Nawaheshimu wanaozipigania, lakini amri ni chache, na anayezitumia ni mtu wa kazi hiyo. Dereva wa lori la Bariadi hahitaji tafsiri ya gia, klachi na breki. Amezimeza na kuzifanya Kiswahili. Mwendesha kompyuta naye angemeza maneno hamsini ya Kiingereza ndani ya mwezi mmoja akaendelea na maisha. Majibu ni jambo jingine. Majibu hayaishii kwa mwendeshaji. Yanachapwa, yanatiwa bahasha, yanapanda gari moshi, yanashuka Malampaka, yanafika kwa mtu ambaye hajawahi kuiona mashine, na yanahusu fedha yake. Kama ni lazima kuchagua kimoja cha kutafsiri, yatafsiriwe majibu, amri zibaki hata kwa Kichina.

Na hapo ndipo kazi ya kweli inapoanzia, kwa sababu majibu ya mashine hayatafsiriki kwa kukaa na kamusi tu. Katika miaka ya 1980 ule mfumo wa CMS ulitenganisha ujumbe na programu. Ujumbe wote uliwekwa ghala moja, kila mmoja na namba yake, na mahali pa jina paliachwa alama, kama pengo katika fomu. Waingereza wanaweza kuandika ujumbe mmoja, "pengo halikupatikana", na katika pengo ukaingia mtu, kitu, namba, au kituo, bila neno lolote kubadilika. Lugha yao haina ngeli. Jaribu sasa kwa Kiswahili. Faili halikupatikana. Mkulima hakupatikana. Kituo hakikupatikana. Namba haikupatikana. Uzito haukupatikana. Malipo hayakupatikana. Ujumbe mmoja wa Kiingereza umezaa sita, na bado hatujagusa wingi. Fundi asiyejua Kiswahili angechagua mmoja akaubandika kote, na mashine ingezungumza kama mzungu aliyeshuka meli jana: mkulima halikupatikana.

Kuna ujanja. Neno "hakuna" halijali ngeli. Hakuna faili, hakuna kituo, hakuna mkulima. Pengo moja, ujumbe mmoja, fundi anafurahi. Mtu aliyewahi kutafsiri mambo ya namna hii atakuambia kwamba neno hilo limewaokoa wengi. Lakini lipime kwa mzani wa Maswa. Kusema "mkulima hakupatikana" ni kukiri kwamba mashine imetafuta ikakosa. Huenda yumo, huenda ameandikwa vibaya, mtafuteni tena. Kusema "hakuna mkulima" ni kumfuta duniani. Mbele ya mzee aliyesimama hapo na gunia lake, tofauti hiyo si ya sarufi tu.

Kisha kuna maneno yenyewe. Mafundi wa Kiingereza walikuwa watu wa vitisho. Mashine zao kubwa zikishindwa kuendelea na kazi husema kazi imefikia mwisho usio wa kawaida, ndiyo asili ya lile neno ABEND ambalo waendeshaji duniani kote wanaliogopa. Nafasi tupu palipotakiwa tarakimu, kama ile ya mzee wetu, kwenye kompyuta kubwa za IBM huleta alama S0C7, na usiku huo mtu fulani ataamshwa usingizini. Kosa dogo huitwa haramu mbele ya sheria. Kosa kubwa huitwa la kufisha. Neno lao la kutekeleza kazi ndilo hilohilo la kumnyonga mhalifu, na neno lao la kusitisha kazi ndilo la kutoa mimba. Mtafsiri asiyejihadhari ataijaza ofisi damu. Kwa nini namba yenye tarakimu pungufu iitwe haramu? Haramu ni nguruwe kwa Mwislamu. Namba ina pungufu tu: "Namba haijatimia." Mswahili husema hivyo, na aliyeisoma hupungukiwa na hofu akaenda kuitimiza.

Hapa nitachepuka kidogo. Wapo watakaoniambia kwamba wazee wa Maswa hata Kiswahili ni lugha yao ya pili, kwamba yule mzee na mke wake huzungumza Kisukuma. Ni kweli. Lakini katibu wa chama alikuwa na uwezo wa kukitoa Kiswahili na kukitia katika Kisukuma safi, neno kwa neno, huku amelala. Kilichomshinda ni kuvuka mto wa kwanza, ule wa Kiingereza cha mafundi.

Kwa nini basi jambo hili halikufanyika nchini wakati ule, ilhali BAKITA ilikuwapo, na kuanzia miaka ya 1970 ilikuwa ikitoa vitabu vya Tafsiri Sanifu vyenye istilahi za kila taaluma? Sababu moja ni kwamba karani mwenyewe alifukuzwa kazi kabla. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hazina ilijaribu kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta, na jaribio hilo likaenda kombo. Fedha za kigeni zilikuwa zinakwenda kwenye mashine na kwa wataalamu wa nje, na wananchi walioielewa kazi hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalumu, na televisheni ikaingia katika marufuku hiyohiyo. Zanzibar, iliyokuwa na mambo yake, ilikuwa tayari inatazama televisheni ya rangi. Bara tulisubiri mpaka 1994.

Marufuku ile imechekwa sana, hasa na vijana. Mimi siicheki. Serikali iliyokuwa na mashine isiyoelewa inachosema, na yenye watu wachache wa kuiuliza, ilikuwa na haki ya kuogopa. Nasema tu kwamba miaka ile ambayo wengine walikuwa wakiandika majedwali yao ya maneno, sisi tulikuwa tumefunga mlango, na mlango ulipofunguka polepole katika miaka ya 1980 na 1990, tulipokea kompyuta ndogo za mezani zikiwa zimekwisha kuzoea Kiingereza, nasi tukiwa tumekwisha kuzoea kwamba ndivyo zilivyo. Mjadala wetu mkubwa ukawa jina la mashine yenyewe: kompyuta, au tarakilishi kama wanavyopenda wengi Kenya, au ngamizi, neno ambalo kila nikilisikia nakumbuka kuangamiza. Tuligombania jina la karani huku yeye mwenyewe anaendelea kutujibu kwa lugha yake.

Kazi yenyewe ilifanyika mwishoni mwa mwaka 2004. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux na kwa ushirikiano na Waswidi, ikatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupiga hesabu ambayo amri zake na majibu yake yalikuwa ya Kiswahili. Mwaka uliofuata Microsoft nao wakatoa Kiswahili chao kwa ajili ya Windows. Wote wawili walikutana na ngeli uso kwa uso. Wote wawili walifanya kazi ileile ya zamani ya kompyuta kubwa: jedwali, upande mmoja ujumbe wa Kiingereza, upande wa pili ujumbe wa Kiswahili, maelfu kwa maelfu ya mistari. Nasikitika kusema kwamba maofisini programu hizo hazikupata watu wengi. Makarani walikuwa wamekwisha kumeza yale maneno hamsini, kama dereva na klachi yake, na hawakuona sababu ya kuyatapika.

Lakini mwaka 2008 ilipoingia M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, mambo yalikuwa tofauti. Hapakuwa na mjadala wowote wa kitaifa, na hakuna waziri aliyetoa agizo. Simu ya mkulima iliandika kwa Kiswahili fedha kiasi gani zimeingia, zimetoka kwa nani, na salio ni shilingi ngapi. Neno salio, lililokuwa la wahasibu, likawa la gulioni. Kampuni hizo hazikufanya hivyo kwa mapenzi ya lugha. Ziligundua kwamba mtu asiyeelewa jibu hatatuma fedha mara ya pili. Na nyuma ya simu hiyo ndogo kuna kompyuta kubwa mahali fulani, yenye ghala la ujumbe, na mapengo ya kujazwa majina na namba, na mtu aliyekaa akapima kama aandike haikupatikana au hakuna.

Ule mfumo wa CMS nao haukufa. Upo hadi leo ndani ya z/VM, kwenye mashine za kisasa za IBM, na amri ya SYNONYM imo. Faili letu la mistari mitatu lingefanya kazi leo jioni. Na anayetaka kwenda mbali zaidi, akatafsiri na majibu, atakuta kila ujumbe una namba ambayo haibadiliki kwa lugha yoyote: faili lisipopatikana, namba ni 002, na mwisho wake herufi E ya kuonyesha kwamba ni kosa. Mwendeshaji wa Dar es Salaam akipiga simu Ulaya kuomba msaada, anasoma namba hiyo, na wa upande wa pili anaelewa mara moja. Maneno yanayofuata baada ya herufi E yameachwa wazi kwa mwenye nchi.